Kifua cha Bibi na Pikapu ya Baba

Jumamosi, 2 Machi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata Mama. Baba akishaegesha pikapu na kutundika ufunguo kwenye msumari, mimi huuchukua, nikaingia, nikafunga milango yote miwili, nikaongea. Kwa sauti. Si kuimba, si kusali. Kuongea tu, kama watu wanavyoongea. Namjibu mwalimu swali aliloniuliza asubuhi nikabaki nimemkodolea macho. Namwambia Baba Mdogo maneno ambayo nikimwambia kweli itabidi nihame hii nyumba. Naanza kwa lugha ya darasani, nikikwama nahamia ya nyumbani, na mle ndani hakuna wa kunicheka. Huku nje zote mbili hunikimbia mtu akinitazama tu. Sijui huwa zinakwenda wapi.

Basi nimeandika. Daftari litakaa chini ya godoro, upande wa ukutani.

Mvua imeanza juzi.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya hospitali ya Bibi. Ni mama yake Baba, na mapafu yake yamechoka. Kila Alhamisi anatakiwa kwenda kuvutishwa dawa kwa mashine, kifua kifunguke, ndipo aishi vizuri hadi Alhamisi nyingine. Barabara yetu ni mteremko wa udongo mwekundu, ikinyesha hakuna teksi inayopanda. Ni pikapu tu. Baba hubebea watu mbao na saruji, lakini Alhamisi asubuhi ni ya mama yake, hata mteja alie.

Mimi hukaa katikati, kwa sababu shule iko njiani na kwa sababu mimi ndiye mwembamba. Leo Bibi alikohoa tangu getini mpaka niliposhuka. Vioo vimefungwa, nje mvua, ndani harufu kama ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni.

"Jamani," alisema alipopata pumzi, "humu kuna mtu amekufa au?"

Baba akasema ni mvua, itakwisha.

Jumamosi, 9 Machi

Baba Mdogo ameosha gari. Baba Mdogo ni mdogo wake Baba na utingo wake, na mdomo wake haujui siku ya mapumziko. Ameniita Redio siku nyingi, eti kwa kuwa sina betri. Leo ameosha kwa ndoo, sabuni na nyimbo, kisha akanyunyiza manukato mpaka kuku wa jirani wakapiga chafya. Kijerikeni chake cha maji ya kuongeza kwenye rejeta akakirudisha nyuma ya siti, akapiga makofi.

"Bibi harusi huyo! Mama aje apande!"

Bibi alipanda. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Aliposhushwa alisema, "Sasa amekufa na amejipaka marashi."

Watu wote wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama mikono. Ilikuwa imeshika mlango, kucha zimekuwa za rangi ya bluu.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwonyesha Baba mkono wangu. Sikusema kitu. Niliuingiza kati ya siti na ile nguzo ya mkanda, pale ambapo wa kwake hukwama kwenye kifundo, nikautoa na ganda la karanga na kitana kisicho na meno. Baba akatazama kitana, akanitazama mimi.

"Haya. Kazi ni yako."

Mswaki mkuukuu, brashi ndogo ya rangi, kijiti nilichokifunga kitambaa, maji ya vuguvugu, siki ya Mama. Nilianza na reli za siti. Kwenye reli kuna grisi, kwenye grisi kuna vumbi la saruji, na saruji ikipata maji ni saruji kweli, si mchezo. Nimekwangua kwa bisibisi mpaka vidole vikafa ganzi. Nimetoa vifungo vya shati vya watu nisiowajua, kalamu, peremende iliyoota manyoya, waya wa spika sijui ya spika gani. Nilifurahi sana. Unapokuwa umelala kifudifudi chini ya siti hakuna anayetarajia uongee.

Alhamisi, 14 Machi

Bibi amekohoa. Alijizuia mpaka darajani, najua alijizuia kwa ajili yangu, maana alikuwa amenishika goti.

"Reli zimetakata lakini," alisema.

Jumamosi, 16 Machi

Matundu ya hewa. Brashi ya rangi ndiyo silaha: unasugua kati ya vile vijani vya plastiki taratibu, vumbi linatoka kama unga wa ugali mbaya. Kisha mikanda. Hakuna anayejua urefu wa mkanda wa gari mpaka auvute wote. Ule wa upande wa Bibi, sehemu iliyokuwa imejificha ndani, ilikuwa nyeupe, na sehemu anayoshika ilikuwa nyeusi. Nimeisafisha mpaka zikafanana.

Baba Mdogo alikuja akaegemea boneti. "Redio, siku ukimaliza gari uje unisafishe masikio."

Nilikuwa na jibu. Lilikuja nilipokuwa kitandani.

Alhamisi, 21 Machi

Mbaya zaidi. Baba amesimamisha gari mara mbili, akafungua mlango Bibi apate hewa, mvua ikamlowesha mapaja. Jioni Baba alimsimulia Mama kwamba nesi alimwuliza: "Mnamlaza wapi mama? Kifua kinafika hapa kibaya kuliko nilivyokiacha." Baba akamjibu chumba chake ni kikavu, kina dirisha, kimepakwa chokaa. Nesi akasema, basi kuna mahali anavuta kuvu.

Mahali hapo tunapajua wote. Ndipo tunapompitisha ili akatibiwe.

Jumapili, 24 Machi

Nyuma ya siti, palipo jeki. Chini ya dashibodi. Bawaba za milango, kwa mswaki. Mpira wa mlango nimeubandua wote, nikapitisha kitambaa cha siki ndani ya mfereji wake. Safi kila mahali. Harufu ipo pale pale.

Alhamisi, 28 Machi

Bibi amekataa kwenda.

Alivaa, akajitanda, akafika barazani, akaitazama pikapu. Baba alikuwa ameshafungua mlango.

"Mwanangu, mimi leo sipandi."

"Mama, mashine inakusubiri."

"Mashine inanipa pumzi, gari linainyang'anya njiani. Nikae tu, niitumie hii kidogo niliyo nayo nikiwa nimekaa."

Baba alibaki ameshika mlango. Nimechelewa shule. Mwalimu ameniuliza kwa nini, nikamtazama viatu.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 4 Aprili

Amekataa tena. Sasa analala amekaa, mito mitatu mgongoni, na akitaka kusema neno refu analikata katikati, kama anayepanda ngazi. Mama anamkandakanda mgongo. Dawa ya kuvuta kwa mdomo anavuta mara nyingi kuliko alivyoruhusiwa.

Baba amesema ataliuza gari. Kuna mtu wa bohari analitaka. Alilisema hilo kwa Mama jikoni, kwa ile sauti yake ya chini, na Mama akauliza, "Ukishaliuza, Mama atapandishwa mgongoni mwa nani?" Baba akachukua kikombe chake akatoka. Nimegundua kwamba kumbe sauti nimemrithi yeye.

Jumamosi, 6 Aprili

Lazima niandike vizuri, kwa mpangilio.

Leo mchana ilinyesha ile ya kumwagika. Baba alikuwa amelala, Baba Mdogo ametoka. Nikachukua ufunguo nikaingia garini. Nilitaka kufanya mazoezi ya mtihani wa kuzungumza, lakini nikajikuta nazungumza na Bibi. Nikamwambia asife. Nikasema kwa lugha zote mbili, na hata ya darasani, ambayo siku zote huwa ngumu kama kiatu kipya, ilitoka sawasawa. Kisha maneno yakaisha, nikanyamaza.

Ndipo nikasikia. Kitu kinadondoka. Si juu ya paa, si nje. Ndani ya mlango, upande wa Bibi. To. To. To. Kama bomba bovu ndani ya ukuta.

Nikausukuma mlango kidogo, nikaurudisha. Maji yakacheza mle ndani. Maji mengi, kama debe lililojaa nusu.

Sauti hiyo tunaijua wote! Gari likipita kwenye mashimo huwa inasikika, na kila mtu husema ni kijerikeni cha Baba Mdogo. Lakini leo kijerikeni alikuwa amekitoa kwenda kukijaza. Hakikuwemo. Na nani mwingine huwa anakaa kwenye gari hili injini ikiwa imezimwa, redio kimya, mvua inanyesha, milango imefungwa? Ni mimi tu.

Nikashuka, nikalala chali matopeni kama fundi. Chini ya mlango, kwenye ule ukingo wa bati, kuna matundu madogo ya kutolea maji, maana kioo cha mlango hakizibi kabisa na mvua lazima iingie. Inaingia juu, inatokea chini. Ndivyo lilivyotengenezwa. Lakini matundu hayapo. Nikapapasa kwa ncha ya kidole: mpira. Kila tundu limepigiliwa kipande cha mpira. Nikachungulia kwa karibu, ni mpira wa kijani.

Kandambili za Baba Mdogo zilikuwa za kijani. Alikuwa nazo kiangazi chote, mpaka siku moja akaonekana na nyekundu.

Nikainua pembe ya kapeti pale Bibi anapoweka miguu. Juu ni kavu, tumeisugua mara ngapi. Chini yake kuna lile sponji jeusi, nene kama godoro la mtoto. Nikalibonyeza. Likatoa maji ya rangi ya chai, na harufu ikanipanda usoni, ile ile yenyewe. Sponji limeota kuvu nyeupe na nyeusi. Maji yakijaa mlangoni yanafurika kwa ndani, yanashuka huko chini. Sisi tulikuwa tunasafisha kifuniko cha sufuria iliyooza.

Sijamwambia mtu.

Usiku huo huo, baadaye kidogo

Kwa nini sijamwambia mtu? Nikisema nimesikia, wataniuliza nilikuwa nafanya nini mle. Na nikisema mpira wa kijani, Baba atamtazama mdogo wake. Mwezi mzima nimemtungia Baba Mdogo maneno makali mle garini. Leo ninalo moja la kweli, linatosha kumnyamazisha mwaka mzima, na silitaki. Nakumbuka alivyokuwa kiangazi amepiga magoti pembeni ya gari na kisu cha jikoni, anakatakata kitu, anaimba. Vumbi lilikuwa linaingia kila upenyo na Bibi alikuwa anakohoa kwa vumbi. Hakuwa anafanya uharibifu. Alikuwa anamzibia mama yake vumbi.

Naweza kuvuta vipande vile mwenyewe kimya kimya. Lakini sponji? Siti lazima zifunguliwe, bolti zenyewe zimeshika kutu, mimi siwezi hata moja.

Jumapili, 7 Aprili

Tulikuwa tunakula chakula cha mchana, wote, Bibi kwenye kiti chake na mito. Baba akanawa mikono akasema, "Yule mtu wa bohari anakuja kesho kuangalia gari."

Nikasema, "Mlangoni kuna maji."

Sauti ilitoka ndogo. Mama akadhani nataka maji ya kunywa, akanisogezea jagi.

"Hapana. Mlango wa gari. Wa upande wa Bibi. Ndani yake kumejaa maji."

"Hiyo ni jerikeni yangu, Redio," akasema Baba Mdogo.

"Jana ulikuwa umeitoa."

Baba akaacha kujifuta mikono. "Wewe umejuaje?"

"Nilisikia. Nilikuwa ndani."

"Ndani ya gari? Na mvua ile? Unafanya nini?"

Uso uliwaka moto mpaka masikioni. Nilitazama jagi, kwa kuwa jagi halina macho.

"Huwa naongea," nikasema. "Nikiwa peke yangu. Huwa nafunga milango naongea."

Nilimsubiri Baba Mdogo. Alikuwa ameshafungua mdomo, na kwenye mdomo ule nilijua kuna mzaha wa kunitosha mpaka niolewe. Akaufunga. Mara ya kwanza kumwona anaufunga bila kitu kutoka.

"Mimi nilidhani unasali," akasema Bibi polepole, pumzi kwa pumzi. "Nakuona kutoka dirishani... midomo inakwenda. Nikasema, mke mwenzangu... mcha Mungu kweli."

Nikaendelea kabla sijaishiwa. Nikasema matundu ya chini ya milango yameziba, maji hayatoki, yanaingia chini ya kapeti, sponji limeoza. Nikasema "yameziba". Sikusema yamezibwa na nani. Rangi sikuitaja.

Baba Mdogo alikuwa ametazama miguu yake. Kandambili nyekundu.

"Kaka," alisema, "niliziba mimi. Kiangazi. Nilikata ndala zangu."

Baba akageuka, na lile jicho lake. Lakini Bibi alishainua mkono.

"Nilimtuma mimi. Vumbi lilikuwa linaniua... nikamwambia, ziba kila tundu unaloliona." Akapumzika. "Kaziba. Huyu ndiye mtoto wangu... pekee anayefanya ninachosema... ona sasa."

Baba alicheka. Sijui mara ya mwisho ni lini. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na Baba Mdogo akacheka huku anafuta macho, na si kwa kucheka.

Tukatoka wote kwenye manyunyu. Mimi nikalala chini, ndiye ninayejua mahali, Baba Mdogo akanipa koleo, nikavuta kipande cha kwanza. Maji yalitoka kwa nguvu, ya kahawia, yana majani, yana uvundo, yakamwagikia miguu ya Baba kwenye viatu vyake vya Jumapili. Hakusogea. Yalikuwa yanatoka na kutoka. Mama akaziba pua, "Na Mama alikuwa amekaa kandokando ya hili!"

Mlango wa dereva ulikuwa na yake pia.

Jumatatu, 8 Aprili

Mtu wa bohari alikuja. Akakuta siti ziko barazani na gari limebaki mifupa. Baba Mdogo akamwambia, "Samahani mzee, mgonjwa yuko chumba cha upasuaji."

Jumamosi, 13 Aprili

Wiki nzima ni bolti na kukausha. Sponji limechimbiwa shimo, halifai hata kufukiza. Bati la sakafu limekwanguliwa kutu, limesuguliwa siki, limefutwa, likapakwa rangi. Mimi nilifanya mifereji na pembe, Baba akafanya pale mkono wake unapotosha. Hatukuongea, lakini haikuwa kama zamani. Akitaka brashi ananyoosha mkono, naiweka. Nikitaka taa ananimulikia kabla sijaomba.

Kapeti inaning'inia jikoni juu ya jiko, Mama anapika ameinama. Amekata blanketi la zamani la kuwekwa mahali pa sponji, eti likilowa tunalitoa, tunalifua, tunalirudisha. Wenye kiwanda hawakulifikiria hilo, anasema, kwa sababu hawafui.

Bibi hajambo kidogo, na kidogo chenyewe ni kidogo. Wiki ya tatu bila mashine. Usiku nasikia kifua chake kupitia ukutani, kama mtu anayepasua karatasi. Tunakimbizana nacho.

Jumatano, 17 Aprili

Siti zimerudi. Jioni Bibi alisema kabla ya kesho anataka kulijaribu gari limesimama. Akanichagua mimi nikae naye. Nikafunga milango. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya paa, nami nilikuwa nimebana pumzi yangu mwenyewe, nasubiri akohoe.

Akavuta hewa. Akavuta tena. Harufu ya rangi kidogo, na ya moshi wa jiko kwenye kapeti.

"Haya, ongea," akasema.

"Niongee nini?"

"Nitajuaje? Ndicho chumba chako hiki cha maongezi. Mimi mgeni."

Nikamwambia habari za mtihani wa kuzungumza. Akasema nimwonyeshe. Nikasema yote kwa lugha ya darasani, ambayo yeye haijui hata salamu, na alikuwa anaitikia "ehee", "kumbe!", "usiniambie!" mahali panapostahili kabisa. Nilicheka mpaka nikapoteza nilipofikia.

Hakukohoa. Mara moja tu, na alisema hiyo ilikuwa ya kwake mwenyewe, si ya gari.

Alhamisi, 18 Aprili

Amekwenda. Getini, mteremkoni, darajani, sikio langu lote lilikuwa upande wa Bibi. Kimya. Milango inadondosha maji chini, unaweza kuyaona ukichungulia, mstari mwembamba unatufuata barabarani.

Nilisahau kushuka shuleni. Baba naye alisahau kunishusha. Tukajikuta hospitalini wote watatu.

Nesi alimweka kwenye mashine muda mrefu. Alisema ingepita wiki nyingine bila mashine, mambo yangekuwa mengine. Kisha akasikiliza mgongo wake tena, akasema, "Leo amefika vizuri. Mmefanya nini?"

Baba alikuwa na nafasi ya kujibu. Akanitazama, akangoja. Nikamjibu mimi. Si kwa ufasaha, lakini nesi alielewa, akasema hata jokofu lake lina tundu kama hilo, ataenda kuliangalia.

Jumapili, 21 Aprili

Baba Mdogo ameniuliza kama naweza kumsafishia masikio sasa. Nikamwambia nitahitaji koleo na ndoo. Alikaa chini kwa kicheko. Jibu lilikuja papo hapo! Nimelirudia hapa ili nisilisahau.

Alhamisi, 25 Aprili

Hospitali. Amekwenda, amerudi. Nesi amempunguzia dawa moja.

Jumanne, 30 Aprili

Mtihani wa kuzungumza. Niliongea kwa kutetemeka, nikakwama kati, nikaendelea. Sikufa.

Jumamosi, 4 Mei

Manyunyu tu siku hizi, na jua linachungulia. Leo nimepitisha kijiti kwenye matundu ya milango, hayana kitu. Baba amesema nikifunga shule atanifundisha gia, kwa kuwa anayelijua gari kwa chini hawezi kushindwa na la juu. Nilimwambia ndiyo haraka mno, akashtuka.

Nasikia hatua koridoni. Si za Mama, Mama hupita mbio. Hizi zinaburuzwa, zinatoka chumba cha mwisho. Tangu mvua zianze huko hakujatoka mtu bila kushikwa mkono. Zimepita jikoni. Sikusikia kiti kikivutwa, kwa hiyo hajakaa kupumzika. Bado zinakuja. Ananiita huku anakuja, "Mke mwenzangu! Wewe! Unajifungia unaandika nini humo, nami nataka kusomewa!" na sentensi yote ameimaliza bila kuikata, anatembea na anaita, vyote kwa pumzi moja.

Yuko mlangoni. Naficha